Okestra ya Mgodini Dhidi ya Ngoma ya Nkwabi

Jumatatu, 9 Aprili 1956

Nimefika nyumbani Geita alasiri ya leo kutoka chuoni Makerere, tope hadi magotini, sanduku la vitabu juu ya kichwa cha hamali, na mkononi mwangu kijiti chembamba cheupe ambacho baba alikigeuzageuza kabla ya kuuliza, "Na hiki ni cha kupimia homa?" Baba yangu, Mzee Onesmo, ni dresa, mfunga vidonda katika hospitali ya mgodi, kwake kila kitu chembamba ni kipimajoto.

Nikamweleza kwamba hicho ndicho anachoshika kiongozi wa okestra. Nikamsimulia tamasha nililoliona Kampala mwezi Februari: fidla, zumari na matarumbeta vikipumua kwa pumzi moja, kiongozi mwenye mvi amesimama juu ya kijukwaa, na ukumbi mzima umetulia kiasi kwamba watu walizuia hata vikohozi, wakavitoa kwa pamoja kila kipande kilipokoma.

"Walikuwa wamefiwa?" akauliza baba.

"Hapana, baba. Hiyo ndiyo heshima ya muziki."

"Aa. Heshima." Akanirudishia kijiti kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha mtoto asiye wake.

Naandika hapa ili nisije nikajikana: kabla likizo hii haijaisha mwishoni mwa Juni, mji huu wa wachimba dhahabu utakuwa na okestra yake, na atakayeiongoza atakuwa mwanamke Mwafrika. Mikutano ya siasa imezuiwa kote Usukumani. Vema. Hakuna aliyezuia fidla.

Alhamisi, 12 Aprili

Bendi ya mgodi bado ipo, ikiwa kupumua tu ndiko kuwepo. Mpiga tarumbeta mkuu ni Donatus, kijana wa Chato anayechimba shimoni zamu ya asubuhi na kupiga mazoezi jioni. Tangu kiongozi wao, Thobias, ahamie kwenye almasi za Songwa, hawana wa kuwaongoza.

"Jumapili iliyopita walikuja watu wangapi?" nikamwuliza.

"Watu peke yao, dada Paskazia, au tuhesabu na mbuzi?"

Wenzake wakacheka. Nami nilicheka, mpaka nilipopata habari yenyewe. Nilikwenda ofisini kwa Bwana Ustawi, yule Mzungu aliyepewa dhamana ya burudani za wafanyakazi, ambaye jina lake halisi limemezwa na kazi yake. Akanieleza kwa upole, na upole wa namna hiyo hunichoma kuliko tusi: banda la bendi linatakiwa kuwa ghala, na vyombo vitapelekwa mgodi mwingine, kwa kuwa hakuna anayekuja kusikiliza.

"Na wakija?" nikauliza.

Akafikiri. "Jumapili ya mwisho ya Juni nitakuja mwenyewe. Nikiona watu, bendi inabaki. Nisipowaona, vyombo vinaondoka."

Nilipompa Donatus habari hiyo, kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Kule chini," alisema, "taa ikizimika huoni hata mkono wako. Tarumbeta ndiyo inayonikumbusha kwamba nina pumzi zangu mwenyewe, si za mgodi."

Basi limekwisha. Vita ni yangu.

Jumatatu, 16 Aprili

Mvua. Mazoezi hayakufanyika.

Jumamosi, 21 Aprili

Ushindi mdogo! Bwana Menezes, Mgoa wa posta, amekubali kujiunga nasi pamoja na fidla yake na ya shemeji yake. Katekista Kalisti ataleta kinanda cha misheni, ilimradi tukifunike mvua isikiharibu. Vyombo vya shaba vinane, ngoma kubwa moja, klarineti moja, fidla mbili na kinanda. Anayesema hiyo si okestra na aje aniambie usoni.

Tutapiga kipande cha polepole cha mtunzi mmoja wa Viena. Nimekinakili upya chote kwa mkono ili kila mtu apate sehemu yake. Ndani yake kuna mahali ambapo tarumbeta inabaki peke yake, ikiimba chinichini. Donatus anapapiga kama anayeita ng'ombe waliopotea ng'ambo ya bonde.

Ijumaa, 27 Aprili

Mvua. Mende ndani ya tromboni.

Jumanne, 8 Mei

Nimebandika tangazo sokoni na kwenye lango la mgodi: Jumapili hii saa tisa, okestra itapiga mbele ya banda la bendi, watu wakae kwenye mabenchi, wasizungumze, wasisimame kabla ya mwisho. Watu walilisoma kwa makini. Swali lao lilikuwa moja tu, kutoka kwa kila mtu: "Mnashindana na nani?"

"Hatushindani na mtu yeyote," nikajibu kila mara, kwa fahari.

Wakaacha kusoma, wakaenda zao.

Jumapili, 13 Mei

Nitaandika yote, ingawa hasira haijanitoka.

Tulipanga mabenchi kwa safu zilizonyooka. Waliokuja walienea kwenye benchi moja na nusu, nao walikuwa ndugu za wapigaji, mgonjwa mmoja aliyetoroka wodini kwa baba, na Mama Sikujua, mwuza togwa, ambaye hufika kila penye dalili ya koo kavu. Nikapanda juu ya sanduku, nikawageukia wapigaji wangu, nikainua kijiti.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya Mama Sikujua, wala hakunong'ona: "Mbona katupa mgongo? Tumemkosea nini?"

"Labda ana haya," akajibu mgonjwa.

"Msichana mwenye haya hapandi sanduku."

Tukapiga. Fidla zilikuwa safi. Kinanda kilichelewa, kikatukuta mbele ya safari. Donatus alipofika kwenye sehemu yake ya peke yake, kutoka upande wa pili wa kilima zikaanza kulia ngoma za Nkwabi, manju, yaani kiongozi wa ngoma, maarufu wa pande hizi, akifanya mazoezi ya msimu wa mbina, zile ngoma za baada ya mavuno. Benchi moja likasimama lote kwa pamoja. Nusu benchi ikalifuata. Mgonjwa aliondoka akichechemea, lakini aliondoka. Nilipogeuka kuinamisha kichwa kama kiongozi wa Kampala, niliinama mbele ya mabenchi matupu na Mama Sikujua, aliyekuwa akifunga mtungi wake.

"Mama, na wewe pia?" nikamwambia.

"Mwanangu, usinielewe vibaya. Nitajuaje kama yenu ni nzuri? Hakuna ya kulinganisha nayo!" Akajitwika mtungi akawafuata wenzake.

Jumatatu, 14 Mei

Watu hawa! Je, tutajitawala vipi ikiwa hatuwezi kukaa kwenye benchi kwa muda wa kipande kimoja? Je, taifa litajengwa na watu wanaokimbilia kila ngoma inayolia? Nimeandika kurasa tatu za hotuba juu ya jambo hili. Nimezisoma. Nimezichana.

Jumatano, 16 Mei

Nikiwa bado nanung'unika, baba alinicheka hadi akavua miwani.

"Paskazia, tulikupeleka bweni ukiwa mdogo mno. Hapa kwetu hakuna ngoma ya peke yake. Manju wawili wanakutana uwanja mmoja, huyu huku, yule kule, wanapiga kwa wakati mmoja. Watu wako katikati. Anayewavuta wengi ndiye mshindi. Ukitangaza ngoma isiyo na mpinzani, watu wanaona umetangaza harusi isiyo na bwana harusi."

"Lakini huo ni ushindani, baba, si sanaa."

"Na kule Kampala, mtu akichoshwa anafanyaje?"

"Anavumilia mpaka mwisho."

"Basi kiongozi wenu hatajua kamwe," alisema baba, akarudi kazini kufunga vidonda.

Nimekaa na neno hilo mchana kutwa.

Jumapili, 20 Mei

Leo nimetenda jambo ambalo ama ni la busara kuu ama ni wazimu mtupu. Nimekwenda kwa Nkwabi.

Nilimkuta uani kwake akijaribu kofia mpya ya manyoya ya mbuni mbele ya kioo kilichoshikwa na mkewe. Ana miwani nyeusi, filimbi tatu shingoni, na kiburi ambacho wabunge wa Uingereza wangekionea wivu.

"Shikamoo, manju."

"Marahaba, ng'wana Onesmo." Hakuacha kujitazama. "Ndiye wewe uliyewapa watu mgongo?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kukualika. Jumapili ya mwisho ya Juni, uwanja wa chini ya kilima. Wewe upande mmoja, okestra upande wa pili."

Sasa akanigeukia, akavua miwani ili anione vizuri. "Binti, mimi nimewaaibisha manju wa Nkome, wa Chato, wa Biharamulo. Mmoja aliacha ngoma akawa mvuvi. Wewe nikikushinda, nitajisifu kwa nani? Watasema Nkwabi kapigana na kuku."

"Na ukishindwa na kuku?"

Mkewe akaangua kicheko, kioo kikayumba. Nkwabi akavaa miwani yake tena, polepole. "Jumapili ya mwisho ya Juni," alisema. "Lete na mabenchi yako. Vijana wangu watapenda kuyarukia."

Jumatatu, 21 Mei

"Nkwabi!" Donatus alishika kichwa. "Dada, Bwana Ustawi alitaka kututoa roho kwa wino tu, wewe umetuitia simba!"

Nikawauliza wanaume hawa wenye shaba mikononi: je, mnataka kufa kwa ukimya mbele ya mabenchi matupu, au mnataka kusimama uwanjani mbele ya Geita nzima? Je, tumeogopa sauti kubwa, sisi tuliozoea baruti? Niliendelea hivyo kwa muda. Mwisho wakapiga makofi, kisha mpiga ngoma kubwa akainua mkono na kuuliza kwa heshima zote ni dawa gani ya mvuto wa watu tutakayotumia, kwani Nkwabi anayo ya babu yake.

"Mazoezi," nikajibu.

Wakaonekana kuvunjika moyo.

Jumamosi, 2 Juni

Mvua zimekwisha. Pamba imeanza kufunguka, na barabara zina vumbi na magari ya wanunuzi. Mazoezi kila jioni.

Jumapili, 10 Juni

Nimekwenda kumpeleleza Nkwabi akishindana na manju wa Nkome, na nimerudi mtu mwingine.

Kwanza, yule bwana ni kiongozi. Naandika neno hilo kwa uzito wake wote. Wachezaji wake, karibu sitini, humtazama bega. Akiinua bega la kushoto, ngoma ndogo huingia. Akitikisa manyoya, kila kitu hukatika kwa pigo moja. Yule mwenye mvi wa Kampala angemvulia kofia. Hata hivyo hapendezwi na ukimya hata kidogo. Sauti ikipungua yeye hupuliza filimbi, kana kwamba anaogopa watu watajisikia wakiwaza. Hapo ndipo ninapomzidi.

Pili, ngozi za ngoma hulegea. Jua likishainama, wapigaji wake huzipeleka motoni kuzikaza, na kwa muda huo anabaki na filimbi na maneno tu.

Tatu, na hili ndilo limeninyima utulivu: watazamaji. Niliwadharau kwa sababu hawakai. Leo nimewatazama. Mkulima mwenye kaptura iliyochanika alisikiliza upande huu, akafikiri, akavuka kwenda upande ule. Hakuna aliyemwamuru. Mkewe alibaki palepale, wakabishana kwa ishara kutoka mbali. Mtemi alivuka, mchunga ng'ombe hakumfuata. Wakubwa wetu hutuambia kila mwaka kwamba hatujawa tayari kupiga kura. Hatujawa tayari! Watu hawa hupiga kura kila Jumapili ya msimu, mchana kweupe, kwa miguu yao, na aliyeshindwa huona hesabu kwa macho yake mwenyewe. Ni sisi wa mabenchini tuliofundishwa kuvumilia.

Nimeyaondoa mabenchi.

Jumanne, 12 Juni

Leo nimewapanga upya: nusu duara pana, lililo wazi, nami ubavuni, uso wangu kwa watu na wapigaji pia. Bwana Menezes amehuzunika. "Binti, dunia nzima kiongozi anatazama okestra yake."

"Bwana Menezes, dunia nzima haijacheza na Nkwabi."

Alifikiri kidogo. "Hiyo ni kweli," akasema, akapaka nta kwenye upinde.

Jumatatu, 18 Juni

Donatus amegundua kwamba mdomo wa tarumbeta ukizibwa kwa nusu ya kibuyu, sauti inakuwa kama ya mtu anayeimba ndani ya nyumba. Sehemu yake ya peke yake sasa inanisimamisha nywele. Sijamwambia. Angeanza kudai kofia ya manyoya.

Jumamosi, 23 Juni

Kesho. Sijala. Baba amenipima homa, kwa kipimajoto cha kweli safari hii.

Jumapili, 24 Juni

Uwanja ulijaa tangu saa saba. Walikuja wachimbaji na wake zao, wakulima wa Kisukuma na Kizinza, wenye maduka, masheikh na makatekista, wachuuzi wa dagaa kutoka Nkome, na wote walijua vizuri kuliko mimi mahali pa kusimama: katikati. Bwana Ustawi alifika na kiti chake cha kukunja, akakiweka katikati kabisa ya uwanja, akakunja mikono kama hakimu. Donatus alimtazama, akazidi kupangusa tarumbeta yake.

Tulianza na wimbo wa gwaride wa shaba, kwa nguvu zote. Watu wakatugeukia. Nikahisi uzito wa macho yale usoni, maana safari hii nilikuwa nayatazama, na nawaambieni hakuna hotuba ya Makerere iliyowahi kunipa joto lile. Walikuwa wetu, nusu uwanja, kisha zaidi ya nusu.

Hapo akaingia Nkwabi. Hakuja na kofia ya manyoya. Alikuja amevaa gauni, akapanda juu ya sanduku, akiwa ameshika bua la mtama! Akawageuzia watu mgongo, akainua bua lile, akaliongoza kundi lake lote kwa kutikisa makalio. Uwanja ulilia kwa kicheko. Mpaka mpiga tromboni wangu alicheka ndani ya tromboni, ikatoa sauti ya ndama. Watu walimiminikia kule kama maji ya bomba lililopasuka, na katikati ya uwanja akabaki Bwana Ustawi kitini, mbele yake vumbi na sisi.

"Dada," Donatus alisema, "tumekwisha."

"Jua limeinama kiasi gani?"

Akatazama. "Limeinama."

"Basi chukua kibuyu chako."

Ngoma za Nkwabi zilikuwa zimeanza kutoa sauti ya nguo mbichi. Wapigaji wake wakazibeba kwenda motoni. Nkwabi akashika filimbi na kuanza majigambo, na ni hapo nilipoinua kijiti. Fidla mbili zikaingia. Niliwaomba wazidi kushusha, zaidi, zaidi, hata mstari wa mbele wa watu ukakunja uso kwa kutosikia. Mzee mmoja akasogea. Aliye nyuma yake akasogea ili asikie alichosikia mzee. Kisha Donatus akaziba tarumbeta kwa kibuyu na kuimba.

Walikuja kwa kunyata. Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Mama mmoja alimziba mwanawe mdomo kwa khanga, naye mwenyewe akabaki mdomo wazi. Nilitazama nyuso, moja moja, na nilijua kwa hakika ambayo kiongozi wa Kampala hatakuwa nayo maishani: hawa wamekaa kwa sababu wametaka.

Ng'ambo, ngoma zilikuwa zimekwisha kukaa sawa. Wapigaji wamezipanga, mikono juu, wakimtazama Nkwabi bega. Tulikuwa bado katikati ya sehemu ya Donatus. Pigo moja tu lingetuzika. Nkwabi akatutazama kwa muda mrefu, gauni likipepea. Bega halikuinuka. Aliwashikilia watu sitini vile, bila kupumua, mpaka sauti ya mwisho ya tarumbeta ilipokwisha.

Kisha bega likaruka, na radi ikapiga.

Kilichofuata sijui nikiandikeje. Watu walikimbilia kule. Tukawajibu kwa shaba, wakarudi kwetu. Nkwabi akaleta wachezaji wa kurusha majembe, wakaenda. Bwana Menezes, mtu mzima wa posta, akapanda juu ya sanduku na kupiga fidla akiwa amepiga goti, wakarudi. Uwanja ulikuwa beseni linalobebwa na mlevi. Na katika moja ya mawimbi yale nilimwona Bwana Ustawi, kofia imeanguka, uso mwekundu, anakimbia pamoja na wote, amebeba kiti chake mwenyewe kichwani.

Giza lilipokaribia, Nkwabi alivuka uwanja, jasho likimtiririka.

"Manju," nikamwambia, "kwa nini hukupiga?"

"Ningepiga, wangesema Nkwabi kaogopa kibuyu." Akafuta uso kwa pindo la gauni. "Lakini yule kijana wako anapiga nini vile? Aje kwangu siku moja anifundishe kidogo. Usimwambie mtu."

Jumatatu, 25 Juni

Bwana Ustawi ameniita. Alikuwa akichechemea. Bendi inabaki, vyombo vinabaki, na banda litapakwa chokaa. Ghala litatafutiwa mahali pengine. Alitaka kujua jambo moja kwa ajili ya taarifa yake: ni nani aliyeshinda? Nikamwambia kwamba mji mzima unabishania hilo tangu alfajiri. Akaandika kitu. Akakifuta.

Donatus ndiye atakayeongoza nikiwa mbali. Nilimkabidhi kijiti mbele ya wenzake. Akasema hotuba fupi, kisha akalia, kisha akaanza kumfokea mpiga klarineti kwa kuchelewa. Atafaa.

Jumanne, 26 Juni

Naandika haya nikisubiri gari la Mwanza, nikawahi meli. Kwenye kituo, wachuuzi wawili wa dagaa nusura wapigane ngumi: mmoja wa Nkwabi, mmoja wa okestra. Nilimwona Mama Sikujua amekaa chini, miguu ameinyoosha, mtungi kando. Nikamwamkia, nikamwuliza hukumu yake, kwa kuwa sasa alikuwa amepata cha kulinganisha.

"Mwanangu, usiniulize nani kashinda," alisema, akijikanda magoti. "Mimi ninachojua, miguu inaniuma."